Nimekula notisi nne za makosa ya barabarani ndani ya miezi mitatu, hivi makosa gani unalipa yanaisha na yapi yanakumaliza kabisa?

Mgeni_wa_Usukani

Wakuu heshima zenu, naomba msaada na msinicheke sana. Mi leseni nina mwaka na miezi kadhaa tu, gari nimenunua mwaka huu huu, na ndani ya miezi mitatu nimeshakula notisi nne. Mbili ni spidi, kamera imenipiga nikiwa 61 sehemu ya 50, ya tatu nimekanyaga mstari mzima wakati naovateki lori lililokuwa linatambaa, na ya nne ndo inayoniuma zaidi maana nilikuwa NIMESIMAMA kwenye taa nyekundu, gari haiendi popote, nikaangalia meseji moja, nashtukia trafiki anagonga kioo. Sasa hapo nilikuwa naendesha nini jamani?

Sijagonga mtu, sijachubua hata sait mira ya mtu. Ila nikijumlisha pointi (zile unazoandikiwa kwenye leseni kwa kila kosa) naona nimebakiza padogo leseni isimamishwe, na kazi yangu bila gari haiendi.

Swali la kwanza, haya makosa yana uzito sawa au kuna yale unalipa faini yanaisha na kuna yale ukifanya ndo basi tena. La pili, nina mdogo wangu wa kiume, rekodi yake safi haina hata pointi moja, kaniambia kwenye notisi moja ya kamera nijaze jina lake kwamba ye ndo alikuwa anaendesha, pointi ziende kwake mi nipumue, faini nalipa mwenyewe. Picha imepigwa kwa nyuma, sura haionekani kabisa. Mi naona ni wazo zuri ila nikasema niulize kwanza wakongwe.

Tochi_Haijanipata

Karibu kwenye chama 😂 61 kwa 50 hiyo wala siyo spidi, ni mguu mzito tu. Lipa ukae kimya maisha yaendelee.

Lori_Miaka22

Mdogo wangu, mi nasukuma semi mwaka wa 22 huu na hao wanaoniovateki kwenye mstari mzima nawaona kila siku ya Mungu, kwa hiyo niruhusu nianze na hiyo ya tatu maana umeiandika kama kitu kidogo hivi, umeipitia haraka ukakimbilia kulalamikia simu.

Ule mstari hawajauchora kwa urembo. Aliyeuchora alishapima akaona hapo kuna kona au kilima au njia inaingilia, yaani kuna kitu ambacho we kwenye kiti chako hukioni. Chukua hesabu ya kawaida tu, we uko 90 na anayekuja yuko 90, kila mmoja anakula mita 25 kwa sekunde, kwa hiyo mnakaribiana mita 50 kila sekunde inayopita. Kunipita mi na trela langu, kuanzia unapotoka nyuma yangu mpaka umerudi upande wako bila kunibana, sema sekunde 10. Hizo ni mita 500 za barabara tupu unayoiona kwa macho yako, nusu kilomita. Siku ile uliiona nusu kilomita?

Najua utasema lori lilikuwa linatambaa kwa hiyo unalipita chap. Sawa, lakini jiulize lori linatambaa wapi. Linatambaa mlimani! Na mlimani ndo sehemu ambayo aliye upande wa pili humwoni mpaka mmeshakutana uso kwa uso. Sehemu inayokutia hamu ya kuovateki ndo hiyo hiyo waliyoichorea mstari, siyo bahati mbaya.

Afu kuna kosa la pili ambalo huwa linafuata la kwanza. Mtu akishatoka akaona taa zinamjia anachanganyikiwa, anachomekea mbele yangu. Ile nafasi ninayoiacha mbele siyo maegesho yako, naiacha kwa sababu nina mzigo nyuma na gari kubwa haisimami kama hiyo yako ndogo. Nimeshaingia kwenye majani mara mbili kumwokoa mtu ambaye hata hakurudisha honi ya kusema ahsante, na wote wawili naamini mpaka leo wanajiona madereva wazuri kwa sababu "hawajawahi kugonga".

Tochi_Haijanipata

Dah mzee wa lori umetisha. Ila mi msimamo wangu uko pale pale, haya makamera ni ya kukusanyia hela tu. Kama ni usalama mbona wanakutumia bili wiki tatu baadaye badala ya kukusimamisha palepale?

Mwalimu_wa_Gia

Nimefundisha udereva muda mrefu nikaacha kwa sababu ya presha (utani, nusu utani). Naomba niichukue hiyo 61 maana kila mtu anasema "kumi na moja tu".

Tuseme madereva wawili, magari sawa, lami kavu, breki nzima, wote wanachukua sekunde moja kushtuka kabla mguu haujagusa breki. Mtoto anatokea ghafla kati ya magari yaliyopaki. Wa kwanza yuko 50, anatumia kama mita 14 kushtuka na mita 14 nyingine kusimama, jumla 28 hivi, anasimama pua ya gari inakaribia kumgusa mtoto. Wa pili ndo wewe uko 61. Unashtuka, mita 17 zimeshaenda kabla hujafanya chochote, zimebaki 11 za breki. Ukipiga hesabu pale pale ambapo mwenzako amesimama kabisa wewe bado unaenda kama kilomita 42 kwa saa. Siyo 11. 42! Wanafunzi wangu walikuwa wanabisha mpaka nawaandikia kwenye karatasi. Ni kwa sababu nishati ambayo breki inabidi ziimalize kulisimamisha gari inapanda kwa mraba wa spidi, ukizidisha spidi mara mbili umbali wa breki unakuwa mara nne, na ile spidi unayoongeza juu ndo inakula mita nyingi za breki kuliko zote.

Shirika la Afya Duniani wana takwimu yao kwamba gari likimgonga mtembea kwa miguu, hatari ya kufa inapanda mara 4.5 ukitoka 50 kwenda 65. Ndo maana ile 50 imewekwa sehemu zenye watu na siyo 55 wala 60.

Na unachookoa ni nini? Safari ya kilomita 20 ukienda 80 mwanzo mwisho ni dakika 15, ukienda 100 ni dakika 12. Dakika tatu, na hiyo ni kama hakuna taa wala foleni njiani, mjini hata hizo tatu hazipo, unakimbia kwenda kusubiri taa nyekundu pamoja na yule uliyempita.

Sasa simu kwenye taa. Pole ila nchi nyingi sheria inakuhesabu bado uko barabarani unaendesha hata kama umesimama kwa taa au foleni. Uingereza kwa mfano kushika simu ukiwa kwenye taa ni kosa lile lile kama uko kwenye mwendo. Na sababu ipo, mi nimekaa kiti cha pembeni miaka naona, taa ikiwa kijani wa nyuma anapiga honi, mtu anatupa simu mapajani anaachia klachi macho yako mbele lakini kichwa bado kiko kwenye ile meseji, hajaangalia zebra wala pikipiki pembeni. Ukiwa kwenye mwendo ndo usiseme, kwa 80 ukiangalia chini sekunde 5 umeenda mita 111 na huoni kitu. Hao hao Shirika la Afya wanasema anayetumia simu uwezekano wa kupata ajali ni kama mara 4 ya asiyetumia, na kuweka spika au earphone hakubadilishi sana kwa sababu tatizo kubwa siyo mkono, ni akili kuwa sehemu nyingine.

Dawati_la_Madai

Nilikuwa napita tu lakini swali lako la kwanza ndo kazi yangu kila siku, nipo kampuni ya bima upande wa madai mwaka wa tisa.

Kaka, hiyo orodha unayoitafuta, ya makosa madogo na makosa makubwa, kwetu haipo. Kosa moja lina bei mbili. Bei ya siku ya kawaida, na bei ya siku ya ajali. Siku ya kawaida tairi kipara ni onyo au faini, siku ya ajali tairi hilo hilo ndo linalopigwa picha kwa karibu kuliko kitu kingine chochote.

Nikupe kisa, bila majina. Jamaa mmoja mtu mzima kabisa, mstaarabu, hanywi, spidi yake ilikuwa ya kawaida, mvua inanyesha akapiga breki kwenye zebra gari likateleza likampitia mtu, yule mtu akavunjika nyonga. Kila mtu pale akasema ni mvua. Wakaja wakapima matairi ya nyuma, yameisha. Ulaya kina cha chini kinachoruhusiwa cha kashata za tairi la gari dogo ni milimita 1.6, na kwenye tairi lenyewe kati ya mifereji kuna vinundu vya mpira vya kuonyesha, tairi likilingana na kile kinundu limekwisha, huhitaji fundi kukwambia. Yake yalikuwa yameshavipita vile vinundu zamani.

Kuanzia hapo neno "ajali" likatoka kwenye mafaili likaingia "uzembe". Kesi ikawa ya kuendesha gari bovu na kusababisha majeraha. Kwa upande wa bima, yule majeruhi alilipwa, maana sheria nyingi zinamlinda mtu wa tatu hata kama dereva kakosea, ILA baada ya kulipa kampuni ikamgeukia jamaa kumdai irudishiwe, na gari lake mwenyewe hakutengenezewa ingawa alikuwa na bima kubwa kwa sababu kwenye masharti kuna kifungu cha gari kuwa na hali nzuri. Watu wanasaini vile vikaratasi bila kusoma. Alikuwa anaahirisha matairi mawili tu yule, alikuwa anasubiri mwisho wa mwezi.

Simu ni hivyo hivyo. Siku ya kawaida ni faini na pointi. Siku ya ajali wapelelezi wanaweza kuomba kumbukumbu za mtandao, meseji imetumwa saa ngapi dakika ngapi, na simu ya dharura ya kwanza ilipigwa dakika ngapi, wanaziweka pembeni kwa pembeni. Na usidhani utadanganya spidi, magari mengi ya siku hizi kompyuta ya eabegi (ule mfuko wa hewa unaofumuka ukigonga) inahifadhi sekunde chache kabla ya kugonga, ulikuwa spidi ngapi, umekanyaga breki au hukukanyaga, mkanda umefungwa au la. Ulaya tangu Julai 2024 kila gari jipya linalosajiliwa lazima liwe na hicho kifaa. Nimeshaona mtu anaapa alikuwa 60 gari lake lenyewe linasema 94. Gari lako ndo shahidi wa upande wa pili.

Ngoja niongeze mkanda, maana huwa unachukuliwa poa, haswa wa nyuma. Abiria wa nyuma asiyefunga mkanda kwenye ajali ya mbele anakuja na uzito wake wote kwenye mgongo wa kiti chako. Nimesoma ripoti ambayo dereva alifunga mkanda wake vizuri na aliyemuua ni abiria wake wa nyuma. Na nchi nyingi mtoto akiwa hajafungwa anayebeba kosa ni dereva, siyo mtoto wala mama yake.

Tochi_Haijanipata

@Dawati_la_Madai sasa umeniharibia siku, nimetoka nje kuangalia tairi 😐

Wikiendi_Tu

Samahani naingilia uzi. Na sisi tunaokunywa usiku tukalala kabisa, afu asubuhi ndo tunaendesha, hiyo haina shida si ndio? Namuulizia rafiki.

Mwalimu_wa_Gia

Mwambie rafiki yako ini halina haraka. Kwa wastani mwili unapunguza pombe kwenye damu kama asilimia 0.015 kwa saa, wengine chini wengine juu kidogo, na hakuna kahawa wala kuoga maji baridi kunakoongeza hiyo spidi, kahawa inakufanya tu uwe mlevi aliyeamka. Sasa mtu kaenda kulala saa sita usiku ana 0.15, saa kumi na mbili asubuhi zimepita saa 6, imeshuka 0.09, amebakiwa na 0.06. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani wanakipendekeza ni kisizidi 0.05 kwa madereva wa kawaida na 0.02 kwa wapya kama huyu ndugu yetu, na nchi nyingine ni sifuri kabisa. Kwa hiyo kalala, kaota, kaoga, kapiga mswaki, anajisikia mzima, na kipimo kinamkamata. Na hili kati ya makosa yote ndo lenye bei kubwa hata siku ya kawaida, sehemu nyingi halina "lipa yaishe", ni mahakamani moja kwa moja, leseni inaondoka kwa miezi au miaka na jela ipo mezani.

Wikiendi_Tu

Rafiki amesema ahsante na amenyamaza.

Mama_Faili

Jamani mbona hamjagusa swali la pili? Hilo la mdogo wake ndo lililonifanya niingie kwenye akaunti baada ya miezi, nimefanya kazi na mawakili karibu maisha yangu yote.

Mwanangu USIANDIKE jina la mdogo wako. Narudia, usiandike. Sasa hivi una kosa la spidi ambalo ni la kiutawala tu, faini na pointi. Ukisaini ile fomu ukamtaja mtu ambaye hakuwepo umehama kabisa, umetoka kwenye sheria ya barabarani umeingia kwenye sheria ya jinai, kutoa taarifa ya uongo, kupotosha haki, na humo umemwingiza na kijana wa watu ambaye alikuwa amekaa zake nyumbani.

Ngoja nikupe mfano wa kweli kabisa. Uingereza kulikuwa na mwanasiasa anaitwa Chris Huhne. Mwaka 2003 kamera ilimpiga anakimbiza, alikuwa anakaribia kupoteza leseni kama wewe, pointi zikaandikwa kwa mke wake Vicky Pryce kwamba ye ndo alikuwa anaendesha. Ikapita. Miaka ikaenda, jamaa akapanda akawa waziri. Baadaye ndoa ikavunjika, na unajua ndoa ikivunjika siri zinaenda wapi, zikafika magazetini. Akajiuzulu uwaziri 2012, na Machi 2013 wote wawili, yeye na aliyekuwa mke wake, wakafungwa miezi 8 kila mmoja. Miaka kumi baadaye! Kwa spidi ambayo angelipa faini na kupanda treni miezi michache angekuwa amemaliza. Na cha kuchekesha, mwaka ule ule wa 2003 alikuja kukamatwa na simu kwenye usukani, leseni ikaenda hivyo hivyo, ule uongo wote hata haukumwokoa.

Mgeni_wa_Usukani

Duh. Nimesoma yote, ahsanteni, hesabu ya 42 imenikosesha usingizi kweli. Ila mama naomba nibishe kidogo kwa heshima, huyo alikuwa waziri, watu walikuwa wanamfuatilia. Mimi ni nani anifuatilie? Picha ya nyuma, sura hakuna, gari langu mdogo wangu huwa analiendesha kweli siku nyingine.

Mama_Faili

Mwanangu siku hiyo saa hiyo mdogo wako alikuwa wapi? Kama alikuwa kazini amesaini kuingia. Kama alikuwa na simu, simu yake ilikuwa inaongea na mnara mwingine kabisa. Kama ni kijana wa leo basi kuna picha kaposti. Hakuna anayekufuatilia, sawa, mpaka siku mmoja wenu anapata ajali au mnagombana kwa kitu kingine kabisa, na mafaili hayaozi. Halafu yeye sasa hivi rekodi yake safi, bima yake inapanda kwa kosa lako, na akija kuomba kazi ya udereva wanaangalia rekodi. Faini umesema utamlipia, hayo mengine utamlipia na nini?

Na notisi usizipuuze pia, nakuona kama mtu wa kuweka bahasha kwenye droo. Faini isiyolipwa inakua, ikipita tarehe inageuka wito wa mahakama, wito ukiupuuza unageuka hati ya kukamatwa. Nimeona mtu anasimamishwa kwa taa ya nyuma iliyoungua anaishia mahabusu, siyo kwa taa, kwa bahasha tatu alizoweka juu ya friji. Kama unaamini kamera imekosea, kata rufaa ndani ya muda, omba picha, omba cheti cha kifaa kupimwa, hiyo ni haki yako na watu huwa wanashinda. Lakini wewe mwenyewe umesema ulikuwa 61.

Tochi_Haijanipata

Na mi bado nasema faini haina haki. Tajiri na maskini wanalipa sawa, kwa tajiri hiyo ni hela ya kuchezea.

Mwalimu_wa_Gia

Hapo nakuunga mkono kwa mara ya kwanza. Ndo maana Finland faini ya kuzidisha spidi sana wanaipima kwa kipato, 2023 kuna mfanyabiashara mmoja tajiri huko alipita 82 sehemu ya 50 akapigwa yuro 121,000. Na ndo uzuri wa pointi, pointi tajiri hawezi kuzinunua. Ujerumani ukifika 8 leseni inaondoka. Uingereza ni 12 ndani ya miaka mitatu, lakini dereva mpya ndani ya miaka miwili ya kwanza akifikisha 6 tu leseni inafutwa na anarudi kuwa mwanafunzi, anafanya mitihani upya, na simu mkononi peke yake ni pointi 6. Yaani @Mgeni_wa_Usukani kwa kule ile meseji moja kwenye taa ingekurudisha darasani.

Na ukirudishwa darasani usinitafute, mi nimeshaacha kufundisha 😄

Lori_Miaka22

Tuache makamera kidogo. Mgeni, ile meseji ilisemaje?

Mgeni_wa_Usukani

😂😂 Ilikuwa ya mtandao wa simu, wananiambia bando langu limebaki asilimia 20.

Dawati_la_Madai

Naomba hiyo meseji niifremu niiweke ofisini.

Mgeni_wa_Usukani

Narudisha mrejesho baada ya siku nne. Fomu nimejaza, kwenye dereva nimeandika jina langu mwenyewe. Mdogo wangu kanuna kidogo, anasema nimemfanya aonekane mhuni, nikamtumia habari ya yule waziri akaacha kununa. Nimepiga simu kuuliza, wamesema notisi moja ya spidi naruhusiwa kwenda kozi ya siku moja badala ya kupokea pointi, ya pili hapana, kwa hiyo nabaki na leseni ila pembamba sana, kosa moja tu linaning'oa. Faini ya simu nimelipa nikiwa na hasira lakini nimelipa.

Simu sa hivi inakaa kwenye buti. Jana nimefika nyumbani nimeitafuta nusu saa, nikamwomba jirani anipigie, nikasikia buti linaita.

Lori_Miaka22

Vizuri mdogo wangu. Na vile vinundu vya kwenye tairi umeviangalia?

Mgeni_wa_Usukani

Natoka nje sasa hivi.